Mji Uliolipa Ziwa Kisogo

 Leo naomba tushuke pamoja kutoka Kamembe. Tuache honi za stendi na msongamano wa soko, tufuate barabara ile inayoteremka kwa kona hadi Cyangugu ya chini, mahali ambapo Ziwa Kivu linaishia na Mto Rusizi unaanza safari yake kwenda Tanganyika. Si mbali, ni kilomita chache tu. Ng'ambo ya maji utaiona Bukavu ya Kongo imekaa juu ya rasi zake, mabati yamepanda mlima safu kwa safu. Upande wetu wa Rwanda utaona mtaa mmoja wa nyumba za zamani zenye baraza, ofisi za forodha, hoteli iliyojengwa ukingoni kabisa mwa mto, na daraja. Wanaopita hapo karibu wote macho yao yako darajani. Ziwa halina anayelitazama.

Hilo ndilo nimekuja kulisema. Mji wetu ulianza kwa sababu ya maji, kisha ukayalipa kisogo. Sasa gati linajengwa, na mimi naona hii ndiyo nafasi ya kuugeuza tena uso wa mji kuelekea ziwani. Lakini nafasi hiyo itapotea kama gati litajengwa kwa ajili ya shehena peke yake.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini pawe na mji hapa? Jibu liko mtoni. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika iko chini yake kwa karibu mita 700. Rusizi unaunganisha maziwa hayo mawili kwa mwendo wa kilomita zisizozidi 120, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko mwanzoni, kwenye makorongo yanayoanzia hapa kwetu. Hakuna chombo kinachoweza kupita pale, si kushuka wala kupanda. Kwa hiyo mzigo uliotoka Tanganyika ulilazimika kupandishwa mlima kwa vichwa na mabega ya watu, na baadaye kwa malori, hadi mwanzo wa ziwa hili, ndipo upakiwe tena majini. Mahali pa kupakua na kupakia huota mji, na huu ndio mmoja wao.

Jambo hilo lina matokeo ambayo wengi hawayafikirii. Hakuna meli iliyowahi kuingia Ziwa Kivu ikielea kutoka kwingine. Kila chombo kikubwa unachokiona humu kiliundwa ufukweni au kililetwa vipande vipande kikaunganishwa hapa. Majirani zetu wa Kigoma wanaijua vizuri kazi hiyo. Meli wanayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli mpaka Kigoma, ikateremshwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasiwaachie adui zao. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, na jina hilo linatuhusu sisi, kwa sababu huyo von Götzen ndiye Mzungu aliyepita katika nchi hii mwaka 1894, akakutana na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, kisha akafika ufukweni mwa Kivu.

Baada yake mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, si mbali na hapa, na jeshi la Rwanda lilipowashambulia lilishindwa kwa bunduki. Wajerumani wakafuata. Richard Kandt, ambaye baadaye ndiye aliyeanzisha Kigali mwaka 1907, alikuwa na makao yake hapo hapo Shangi, juu ya ziwa. Kwa miaka mingi Wajerumani na Wabelgiji waligombania maji haya mpaka mkataba wa mwaka 1910 ulipopitisha mpaka katikati ya ziwa na kukipeleka kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo. Septemba 1914, vita vilipoanza, Wajerumani waliivamia Idjwi wakaishika. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka na kuichukua Rwanda nzima. Ukiangalia hatua zote hizo, utaona kwamba aliyetaka kuitawala sehemu hii alitafuta kwanza mahali pa kufunga chombo.

Wabelgiji ndio waliotuachia mtaa ule wa chini. Nguvu zao waliziweka ng'ambo, Bukavu, mji walioubatiza Costermansville na kuujengea majumba ya mtindo wa enzi yao, kona za mviringo na madirisha marefu, hasa kwenye rasi inayoitwa La Botte. Walitandika hata reli fupi kutoka Uvira kupitia bonde la Rusizi mpaka Kamanyola, pale mlima unapoanza, ili kupunguza safari ya malori. Cyangugu ilipata kidogo: mtaa mmoja, maduka yenye baraza mbele na ghala nyuma, nyumba za maofisa, mwalo wa boti. Lakini nakuomba siku moja uyatazame majengo hayo kwa makini kabla hayajaisha. Baraza zake ni pana. Paa limetolewa mbele kupita ukuta, likashikiliwa na nguzo, ili mchukuzi aliyetoka ziwani na mzigo apate kivuli na pa kuutua kabla mwenye duka hajafungua. Aliyejenga alijua kwamba wateja wake watatokea majini, tena watafika wamelowa na wamechoka. Huo ni ujenzi wenye akili, na hauhitaji fedha nyingi.

Basi, mji ulilipaje ziwa kisogo? Si kwa siku moja. Ardhi ya chini ni finyu, mlima unaanza pale pale mgongoni mwa maduka, kwa hiyo biashara ilipokua ilipanda Kamembe kwenye nafasi. Kiwanja cha ndege kiko juu. Barabara ya Kigali kupitia Huye na msitu wa Nyungwe inaingilia juu. Daraja likavuta watu wa mpakani. Kisha ikaja 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuna waliojiokoa kwa mitumbwi usiku, wakapiga makasia mpaka Idjwi. Miezi michache baadaye, Julai na Agosti, umati mkubwa ulivuka Rusizi kuingia Bukavu, na miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na hofu pande zote za maji. Ziwa likawa njia ya kukimbilia na mpaka wa kulindwa. Mtu hajengi duka lake kutazama mahali anapopaogopa. Nadhani hii ndiyo sababu nzito kuliko zote, ingawa haisemwi sana.

Lakini watu wa ziwa hawakuacha kazi. Sogea nami mpaka mwalo wowote hapa wilayani Rusizi kunapopambazuka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, ile miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, na wavuvi wanarudi wakiimba ili makasia yaende kwa pamoja. Usiku kucha wamewasha taa kuwavuta sambaza. Samaki huyu mdogo si wa asili humu. Alihamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye chakula na mapato ya maelfu ya nyumba kuanzia hapa hadi Goma. Pembeni inafika boti ya kutoka kisiwa cha Nkombo. Ubao mmoja umeegeshwa kutoka ukingo wa boti mpaka kwenye jiwe. Mama mmoja anashuka, mtoto mgongoni, beseni kichwani limefunikwa jani la mgomba, mkono mmoja umeshika beseni na mwingine unatafuta bega la mtu. Ubao unateleza kwa magamba ya samaki. Boti inapanda na kushuka kwa mawimbi, naye anangoja ishuke ndipo apige hatua. Akikosea, amepoteza mtaji wa wiki nzima, au zaidi ya mtaji.

Nimekuonyesha ubao huo kwa sababu ndio kipimo changu cha gati lolote.

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe. Serikali ya Rwanda, kupitia wakala wake wa maendeleo ya usafirishaji, RTDA, na kwa msaada wa Uholanzi uliopitia shirika la TradeMark, imeingia katika mradi wa bandari za Ziwa Kivu: Rubavu pale Nyamyumba, hapa kwetu Rusizi, na Karongi na Rutsiro zikiwa kwenye mpango huo huo. Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Kwa barabara, kutoka Rusizi hadi Rubavu ni zaidi ya kilomita 200 za kona na miinuko. Kwa maji ni karibu nusu ya hizo. Saruji ya kiwanda cha Cimerwa inayotengenezwa Bugarama, kusini mwetu, inatakiwa Goma na kaskazini yote. Bia ya Rubavu inatakiwa huku. Mananasi ya Idjwi, kahawa ya milimani, unga, mbao, vyote vinapita hapa. Lori linalopanda Nyungwe au linalozunguka vilima vya Karongi linachoma mafuta mengi kwa mzigo ambao boti ingeusogeza polepole kwa gharama ndogo.

Kujenga gati kwenye ziwa hili kuna mambo yake. Kivu ni bonde lililofurika. Zamani mito ya huku ilielekea kaskazini, volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa mpaka yakamwagikia kusini kupitia hapa Rusizi. Ndiyo maana ghuba zetu ni mabonde yaliyozama na rasi zetu ni migongo ya vilima. Ukitoka ukingoni hatua chache, kina tayari ni kikubwa, na pale penye kina kirefu kuliko pote ziwa linafika mita 485. Kwa mwenye meli hiyo ni heri, maana gati halihitaji kuingia mbali majini. Kwa mjenzi ni mtihani, kwa sababu nchi kavu haina uwanda. Ghala, maegesho ya malori, forodha, sehemu ya abiria, vyote vinapigania kipande kile kile chembamba kati ya maji na mlima. Na anayeshindwa katika ugomvi wa nafasi siku zote ni yule asiye na karatasi, yaani mvuvi na mama mwenye beseni.

Kuna jambo jingine la kututia moyo. Mwaka 1958 lilijengwa bwawa la umeme la Rusizi ya Kwanza, pale Mururu, kwenye mlango wa ziwa. Watu wanalijua kwa umeme, lakini malango yake ndiyo pia yanayosaidia kuratibu usawa wa maji ya Kivu. Tanganyika haina kitu cha namna hiyo, na ndiyo sababu mvua kubwa za miaka hii zilipoijaza, bandari za Bujumbura na Kigoma zilipata taabu na nyumba nyingi za ufukweni zikafunikwa. Sisi tunaweza kujenga kwa kujua maji yatafika wapi. Hata hivyo yanapanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo ninachoomba ni ngazi pana za kuingia majini kando ya ukuta wa gati, ili kiangazi na masika, boti ndogo ipate kidato kilicho sawa na ukingo wake. Ngazi hizo ndizo zitakazouondoa ule ubao.

Ardhi yetu nayo hutikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga pande zote mbili za mpaka. Liliwakuta waumini wakiwa ibadani, kanisa likaanguka, na upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30. Ukipita Cyangugu ya chini bado utaona kuta zenye nyufa. Jengo la abiria, ambalo siku moja litakuwa na mamia ya watu chini ya paa moja, lazima liwe jepesi juu na imara miguuni. Paa la bati juu ya nguzo za chuma, lililo wazi pande zote, lingefaa kuliko ukumbi wa kuta nzito na vioo. Tena hewa ya ziwa ingepita bure.

Wapo wanaoniuliza kuhusu gesi. Ni kweli Kivu limebeba methani na kabonidayoksaidi nyingi mno, na tangu mlipuko wa gesi wa Ziwa Nyos huko Kamerun mwaka 1986 hofu hiyo ina haki. Lakini gesi hiyo imelala kwenye tabaka la chini, kina cha zaidi ya mita 250. Nguzo za gati haziwezi kuigusa.

Ninachohofia zaidi ni kitu kingine. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Victoria, abiria wakijiandaa kushuka. Walikufa watu 228. Tarehe 3 Oktoba 2024, humu humu Kivu, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara, ilipinduka watu wa bandari ya Kituku, Goma, wakiitazama. Walikufa kwa makumi. Misiba yote miwili ilitokea machoni pa walioko nchi kavu, na yote miwili ilianza pale watu walipopanda bila kuhesabiwa.

Hapo ndipo ramani ya jengo inapogeuka kuwa suala la uhai. Kama gati lina njia sita za kuingilia botini, hakuna askari wala karani atakayejua wameingia wangapi. Kama lina lango moja la kupandia, jembamba, lenye kizuizi cha kuzunguka kinachompitisha mtu mmoja mmoja, na ubao mkubwa wa namba juu yake ambao abiria wenyewe wanausoma, basi nahodha hana pa kujificha. Chombo cha watu 80 kikifika 80, lango linafungwa. Na mizani ya mzigo iwe njiani, kabla ya boti, ili gunia la saruji la kilo 50 lihesabiwe kama linavyohesabiwa kwenye lori. Haya si mapambo. Yachorwe leo, kwa sababu baada ya zege kukauka hakuna atakayeyaongeza.

Najua baadhi yenu mtaniambia: unazungumza bandari wakati ng'ambo kunawaka moto? Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na kila tukio kama hilo linaonekana siku hiyo hiyo kwenye mabeseni ya wachuuzi wetu, yanaporudi nyumbani yamejaa au yasipotoka kabisa. Tulifunga mpaka mwaka 2020 wakati wa korona, tukaona nyumba ngapi zilikosa chakula. Ndiyo, mambo ni magumu. Lakini ziwa ndilo lililowabeba watu wa Goma Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, wengi wakakimbilia Bukavu kwa boti. Ziwa ndilo lililowabeba wakulima wa Idjwi waliokuwa wakivusha kahawa usiku kuja kuuza Rwanda, na wengi wao likawameza, kwa sababu walivuka gizani kwa mitumbwi midogo na hapakuwa na mahali halali pa kutua. Gati lenye taa, lenye mzani, lenye ofisi inayotoza kodi ndogo na kumwacha mtu aende, lingewapa sababu ya kuvuka mchana.

Wahandisi na viongozi wa wilaya wanaonisikia, ombi langu ni hili. Uzio wa bandari usiwafukuze wavuvi. Mwalo wao uwe ndani ya mpango, ubavuni mwa gati la shehena, na njia yao ya kwenda sokoni isipishane na malori. Choo kiwepo, na maji ya bomba, kwa sababu mwanamke anayefika saa kumi na moja alfajiri hawezi kungoja mpaka Kamembe. Baraza lielekee ziwani, pana kama zile za mtaa wa zamani. Na iachwe njia ya miguu ukingoni, ili mkazi wa Cyangugu ashuke jioni na wanawe bila kuulizwa kitambulisho. Kigoma walijengewa stesheni yao ya reli zama za Wajerumani ikiwa na matao, karibu na ziwa, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado imesimama.

Kila mwaka uvuvi wa sambaza hufungwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane. Siku ziwa linapofunguliwa, mitumbwi yote hutoka usiku mmoja, na asubuhi yake mzigo hufika wote kwa pamoja. Sambaza hawavumilii jua. Ikifika saa nne bila barafu, bei imeanguka, na mchana wanabaki wa kukaushwa tu. Kwa hiyo nauliza jambo ambalo sijalisikia likiulizwa kwenye mikutano ya mradi: chumba cha baridi kitawekwa upande gani wa gati, nani atakaa na ufunguo wake, na lango litafunguliwa saa ngapi? Mimi ninasema saa kumi na moja alfajiri. Na wewe msikilizaji, kama unavua, unachuuza au unavusha watu, mwambie diwani wako saa unayoitaka kabla ratiba haijabandikwa ukutani.